Goli la Kibla

Asubuhi ya arusi ya binamu yake huko Matemwe, Yusra binti Duni aliamka mapema, akasali, kisha akatoka uani kwa shangazi yake kuwasha moto wa chai. Kuni zilikuwa na umande na kiberiti kilikuwa na inda, basi alipuliza mpaka macho yakamtoka machozi. Alipoyafuta kwa ncha ya kanga, aliliona goli. Lilikuwa limesimama baina ya banda la kuku na kisima, nguzo mbili na mtambaa wa panya, wavu ukining'inia nyuma, na rangi nyeupe imebabuka pale pale inapobabuka siku zote, usawa wa goti, ambapo watu wa Kikwajuni hufunga mbuzi. Lilikuwa goli la kibla, la upande wa kaskazini wa kiwanja cha mtaani kwao, na Kikwajuni iko mjini, nusu ya kisiwa kutoka pale.

Chai ilikuwa haijachemka, kwa hiyo alishughulika na chai kwanza.

Shangazi yake, Bi Nadra, alitoka na kapu la mwani mbichi begani. Alilizunguka goli, akaitikisa nguzo moja kuona kama imeshika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mmekuja na hili?"

"Hatukuja nalo. Limekuja lenyewe."

"Limefanya vyema. Chanja yangu imevunjika." Akaanza kuutandaza mwani juu ya mtambaa wa panya, fungu kwa fungu, na ulipojaa akautundika uliobaki kwenye wavu.

Simai, pacha wake Yusra, aliamka jua limeshapanda. Huyu Simai alikuwa mshambuliaji wa Bora Salama, timu ya mtaa inayocheza daraja la pili, na msimu ule alikuwa akifunga magoli mpaka vikongwe wasioujua mpira walikuwa wakimwombea dua kwa jina. Alisimama mbele ya goli na mswaki mdomoni, akalitazama juu na chini.

"Limenifuata," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kufuatwa.

Simu ilipolia alikuwa Msabah, katibu wa klabu. Alisema goli la kibla halipo na kesho kuna mechi. Simai akamjibu kwamba liko Matemwe, limeanikiwa mwani. "Ah, basi vizuri," alisema Msabah. "Mie nikidhani limeibiwa." Alichotaka kujua ni kama litarudi kwa wakati, maana refa wa kesho ana tabia ya kuja mapema.

Lilirudi. Arusi ilipokwisha, pacha wale walipanda gari la wakwe wakashuka mjini kabla ya magharibi, na goli lilikuwa limeshasimama kwenye mashimo yake, kavu, na nyuzi mbili tatu za mwani zimekwama kwenye wavu. Hakuna aliyeliona likitembea. Mtu wa kupaka chaki kiwanjani alilalamika tu kwamba limerudi limeelemea kidogo upande wa duka la mkate.

Maelezo yalitoka kwa Mzee Duni, baba yao, jioni hiyo hiyo kwenye baraza ya klabu. Unguja kitovu cha mtoto mchanga kikidondoka huzikwa, aghalabu chini ya mnazi wa nyumbani, ili mtoto naye awe na pake hapa duniani. Mtu akikwambia kitovu chake kimezikwa mahali fulani, usijisumbue kumhamisha. Sasa Mzee Duni alikuwa mchoma chuma Michenzani, na magoli yale aliyatengeneza kwa mikono yake kutokana na mabomba chakavu ya maji. Wiki yalipochimbiwa mashimo, mkewe Bi Mize alijifungua pacha, mwanamme na mwanamke. Kitovu kilipodondoka, Mzee Duni alikifunga kwenye kitambaa cheupe, akakitia kwenye shimo la goli la kibla, akaomba dua mtoto wake aijue njia ya golini kuliko njia ya kwenda dukani, kisha akamwagia saruji. Hakumwambia mtu, akiogopa kuambiwa anafanya mambo ya kijinga. Sasa alisimulia kifua mbele.

Wazee wa barazani waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisema kwao Makunduchi alikuwapo bwana aliyefuatwa na kisima mpaka Pemba, akapata tabu sana na majirani wa zamani waliokuja na ndoo. Wakacheka, kahawa ikapita mkono kwa mkono, na jambo likawa limekwisha.

Lisingerudi kuzungumzwa lau si Anuar. Anuar alikuwa wakala wa wachezaji, mtu wa Bara, mwenye viatu visivyotaka mchanga. Alikuja siku ya mechi ya nyumbani akakaa chini ya mwavuli, na siku hiyo Simai alifunga atakavyo. Mpira aliupiga ovyo mara nyingine, hata kipa akashusha mikono akidhani unatoka nje, halafu ukaingia. Anuar aliandika kitu kwenye simu yake, akamfuata mwenyekiti wa klabu, Bwana Talal, dukani kwake anakouza vigae. Alisema kuna klabu kubwa ya Dar es Salaam inamtaka kijana.

"Haondoki," alisema Bwana Talal. "Si kwamba nakataa mimi. Akiondoka yeye, goli nalo linaondoka. Na timu isiyo na kiwanja chenye magoli mawili inafutwa kwenye ligi. Kanuni hiyo, yakhe, hatukuitunga sisi."

Anuar aliuliza kwa nini wasichomelee goli jingine. Likachomelewa. Mzee Duni alilitia kwenye mashimo ya kibla siku Simai alipokwenda Matemwe kumpelekea shangazi yake pole ya mguu, yeye na Yusra. Asubuhi lilikutwa limelala kifudifudi. Wakalisimamisha, likalala tena. Shimo lile lilikuwa na mwenyewe. Goli jipya likapelekwa skuli, wanafunzi wakaanikia nguo zao za michezo.

Basi Simai akakwama. Alikuwa kijana mwema, lakini ukimnyima kitu akitakacho hutembea nyumbani akifungua makabati na kuyafunga. Na katika nyumba ile kulikuwa na mtu mwingine aliyekwama pamoja naye, ingawa makabati alikuwa akiyaacha.

Bi Mize alikuwa amesema wazi tangu mwanzo: Simai hendi Bara peke yake. Hajui hata kuchemsha yai. Atakwenda na Yusra, amtunzie nyumba. Kila mtu alimwonea huruma Yusra kwa mzigo ule, naye akaipokea huruma yao akiwa ameinamisha uso wasione anavyocheka. Huko Temeke kulikuwa na timu ya wanawake, na Yusra alimtafuta mwalimu wa timu hiyo, wakazungumza kwenye simu mara kadhaa. "Njoo nikuone," alimwambia. "Sikuahidi kitu. Njoo tu."

Yusra alikuwa hajagusa mpira uwanjani tangu alipovunja ungo. Kabla ya hapo alikuwa akicheza na wavulana wa mtaa, Simai akiwa wa kuchaguliwa mwisho na yeye wa kuchaguliwa mwanzo. Halafu siku moja baba yake alimwita katikati ya mchezo. "Yusra!" "Naam." "Basi, imetosha." Akaingia ndani na vumbi la miguu, akapewa mchele achague. Dirisha la ghorofani la chumba chake lilikuwa likitazama kiwanja, na tangu siku hiyo mechi zote za nyumbani alizitazama hapo. Hakuwa akitazama kwa utulivu. Mwili mzima ulikuwa ukicheza, bega huku, nyonga kule, na Simai akipiga yeye huegemea upande auonao mpira unakwenda. Jirani yao Bi Maha alikuwa akimwambia ipo siku ataanguka.

Kwa hiyo kuondoka kwa Simai kulikuwa kuondoka kwake, na goli lile lilikuwa limemkalia kifuani yeye. Hata hivyo alikuwa mtu wa udadisi. Kilichomkera kwanza kilimchekesha, na baadaye kikamfanya afikiri.

Timu ilipokwenda Kiwengwa kucheza na wafanyakazi wa mahoteli, walilala huko. Yusra alibaki na homa. Asubuhi alifungua dirisha akitarajia kuona mashimo mawili. Goli la kibla lilikuwapo, na mbuzi wa Bi Maha kafungwa kwenye nguzo. Ambao wangelishangaa jambo hilo wote walikuwa Kiwengwa, na waliobaki walisema pengine limechoka. Yusra alikaa dirishani mpaka uji ukapoa.

Wiki iliyofuata alimuaga mama yake kwamba anakwenda kulala Mkunazini kwa rafiki yake Arwa, wamalize kushona nguo za maulidi. Nyumba ya kina Arwa imo ndani ya kichochoro ambacho watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi. Asubuhi goli lilikuwa limejibana kichochoroni, nguzo moja imegusa mlango wa kina Arwa na nyingine ukuta wa jirani, na watu waendao sokoni walikuwa wakipita chini yake wakiinamisha mizigo ya vichwani. Baba yake Arwa, Mzee Saud, alikuwa kibarazani na kikombe chake.

"Hili lenu, binti yangu?"

"Naam, Mzee. Ntaondoka nalo baada ya chai."

"Halina neno. Lakini wavu ukunje, watu wa mikokoteni watanilalamikia."

Yusra akaukunja wavu, na alipokuwa akifunga fundo la mwisho alihisi uso unamwaka moto. Simai alikuwa amelala nyumbani usiku ule. Alimpigia simu kuhakikisha, akamwamsha.

Mtaani habari ilipokelewa vingine kabisa. Goli limeonekana Mkunazini alfajiri, kwa hiyo Simai kalala Mkunazini, kwa hiyo Simai ana mwanamke huko. Msabah alimpa nasaha za ndoa. Bi Maha aliuliza binti wa nani. Simai aliapa kwamba alilala kitandani kwake, wakamwambia haifai kuapa kwa jambo dogo. Katika kuuliza kwao kote hawakufika kumuuliza aliyelala Mkunazini kweli.

Yusra alimuuliza mama yake. Bi Mize alikuwa jikoni akikuna nazi, miguu imekumbatia mbuzi ya kukunia.

"Mama, kitovu kilichodondoka mwanzo kilikuwa cha nani?"

"Chako," alisema Bi Mize, akiendelea kukuna. "Cha Simai kilichelewa. Kilidondoka baadaye, nikakizika chini ya mpapai."

"Mpapai upi?"

"Ule uliokatwa pakawekwa tangi la maji."

"Na Baba hukumwambia?"

"Alikuja akaniuliza, kimeshadondoka? Nikamwambia kimeshadondoka. Akanyoosha mkono nikampa." Bi Mize aligonga kifuu, machicha yakaanguka kwenye sinia. "Hakuniuliza cha nani. Yeye alijua mwanamme hutangulia."

Yusra alikaa chini. Hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili kidogo kidogo, na mama yake akamsogezea nazi ya pili ili mikono ipate kazi.

Kosa lake Yusra, kama ni kosa, lilikuwa kumwambia Simai. Walizaliwa siku moja, na tangu wadogo hawakuwahi kuwekeana siri ikalala nyumbani. Alimwambia juani, wakianua nguo, na akamwambia pia lile la Temeke ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa ameshapanga: wanyamaze, waondoke pamoja, goli liwafuate huko Dar, na Bora Salama wajitafutie kiwanja cha kukodi. Simai alisikiliza vizuri. Alikunja shuka upande wake, akaja mpaka katikati kumkabidhi ncha.

"Ahaa," alisema. "Kwa hiyo mimi hapa sina kinachonishika."

Siku ya pili yake kulikuwa na kikao cha kamati. Wanawake hawahudhurii kikao, lakini baraza ya klabu iko chini ya dirisha la Yusra, na hakuna neno lisemwalo pale lisilopanda juu. Alimsikia kaka yake akisimama, akikohoa kidogo.

"Wazee wangu, kitovu si changu. Ni cha Yusra. Mama anajua."

"Bi Mize aulizwe," alisema Bwana Talal.

Msabah akanyanyua uso kwenye dirisha la jikoni akauliza. Bi Mize alijibu bila kuacha sufuria: "Kweli." Katika miaka yote aliyowapikia pilau ya ubingwa na pilau ya kushuka daraja, ilikuwa mara ya kwanza kamati kumuuliza neno. Wakamshukuru kwa ushirikiano wake.

"Mie nilimzikia mwanamme," alisema Mzee Duni.

"Mzee wangu, ulichozika ndicho ulichozika," alisema Bwana Talal, naye sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya mtu aliyetuliwa gunia. "Mbona jambo dogo hili! Simai aende, Mungu amfungulie. Yusra abaki. Kwani Yusra ana safari gani?"

Hapo ndipo aliposema Ayoub, kipa wa timu, kijana mpole ambaye kwa kawaida kwenye vikao huja kwa ajili ya kahawa. "Samahani, wazee. Mzee Duni alipozika aliomba dua. Mtoto aijue njia ya golini. Sasa ile dua, imekwenda kwa nani?"

Yusra alishika kizingiti cha dirisha. Chini kila mtu alikuwa akilijua jibu, maana wengi wao walicheza naye utotoni na wengine aliwapiga chenga mbele ya mama zao. Simai alitazama vidole vyake. Bwana Talal akasema ajenda inayofuata ni nyavu, zimetoboka, na akauliza nani ana jamaa mvuvi. Wakajadili nyavu mpaka ikaadhiniwa.

Siku ya kuondoka Simai alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kama inavyopasa msafiri. Kwa Yusra alifika mwisho. Alikuwa amevaa shati jipya lenye mikunjo ya kiwandani.

"Usinilaumu, Yusra. Wasingetuacha wote wawili. Wangelijua baadaye wakaturudisha."

"Pengine," alisema Yusra.

"Niwie radhi."

"Nshakuwia." Alisema kwa mdomo na moyo ukakataa, naye akauacha ukatae. Akamfungia visheti kwenye mkebe na kumwonesha tena jinsi ya kuchemsha yai, maana ndilo sharti Bi Mize alilompa ili aende peke yake.

Goli la kibla halikutikisika boti ilipoondoka. Watu kadhaa walikwenda kulitazama kwa uhakika, wakarudi wameridhika. Mwalimu wa Temeke alipiga simu mara mbili, mara ya tatu Yusra akamwambia asimngojee. Alipoulizwa sababu alisema ana dharura ya kifamilia.

Kamati iliweka utaratibu. Yusra aliombwa asilale nje ya Kikwajuni msimu wa ligi. Akitaka kwenda hospitali au mazikoni, Msabah ajulishwe mapema, aiandikie timu ya wageni kuahirisha. Bwana Talal alileta vigae vya bafu kama shukrani, na Mzee Duni akavipanga mwenyewe, akifanya kazi kimya, bila kumtazama binti yake usoni. Maposa mawili yalikuja kutoka mitaa mingine, na yote mawili yakajibiwa na katibu wa klabu.

Kutoka Bara, Simai hakuwa na habari nzuri. Alichezeshwa, akakosa. Akachezeshwa tena, akakosa, halafu akakaa benchi. Jioni moja alimpigia Yusra simu, sauti yake imepungua.

"Sijui nkwambieje. Magoli ya huku yametulia tu."

"Yametulia vipi?"

"Yamekaa. Napiga vile vile kama nyumbani, mpira unapita kando, na goli linauangalia."

Yusra alikuwa dirishani, na chini yake goli la kibla lilikuwa limesimama kwenye vumbi. Taratibu, kwa udadisi, aliegemeza mwili upande wa kushoto. Goli likasogea kushoto, kiasi cha upana wa kiganja. Akaegemea kulia, nalo likarudi. Mbuzi wa Bi Maha akavutwa huku na huku bila kuacha kutafuna. Yusra akakumbuka misimu mitatu ya bega huku na nyonga kule, na ile mipira yote iliyokuwa ikitoka nje, halafu ikaingia.

"Rudia kupiga kwa ndani ya mguu," alimwambia kaka yake. "Acha kupiga kwa nguvu. Nlikwambia tangu utotoni."

Yeye hakumwambia mtu, lakini jambo la uwanjani halifichiki. Bora Salama walimsajili mshambuliaji mzito kutoka Fuoni ambaye hata wenzake walimwonea haya, na akaanza kufunga, lakini golini kwa kibla tu. Msabah alisimama nyuma ya goli mechi nzima na rula ya skuli. Kesho yake alipanda ngazi za nyumba ya Mzee Duni, akabisha hodi, na kwapani alikuwa na mkeka mpya wa rangi tatu.

"Kamati imekuletea," alimwambia Yusra. "Tumeona umekuwa ukisimama muda mrefu."

Akamueleza kwa adabu. Mambo yaliyokuwa yakijiendea ovyo sasa yatakwenda kwa mpango. Siku ya mechi akae mkekani karibu na dirisha, asinyanyuke, asipige chafya akiweza. Panapohitajika, yeye Msabah atamwita kutoka chini amwambie upande. Kuhusu kanuni asiwe na wasiwasi: refa hulipima goli kabla ya mechi, na hakuna palipoandikwa kwamba alipime tena.

"Katibu," alisema Yusra. "Na mimi nikitaka kucheza?"

Msabah alimtazama kwa mshangao wa kweli, mshangao ambao hakuuonesha goli lilipokwenda Matemwe.

"Lakini si unacheza, mwanangu?"

Mechi ya kupanda daraja ilichezwa nyumbani, Jumapili baada ya alasiri, jua likiwa bado kali. Watu walijaa mpaka juu ya tangi la maji. Kipindi cha kwanza Bora Salama walilinda goli la kibla, na Ayoub alikuwa kati ya nguzo. Yusra alikaa mkekani, mgongo wima, mikono mapajani. Alikuwa amekuwa hodari wa kukaa. Alijifunza kupumua bila kuusogeza mtambaa wa panya.

Karibu na mapumziko beki wao aliunawa mpira na refa akapuliza penalti. Kelele zilishuka ghafla hata Yusra akasikia hatua za mpigaji akirudi nyuma kuchukua nafasi.

"Yusra!" aliita Msabah kutoka chini ya dirisha.

"Naam."

"Kidogo tu. Upande wa duka la mkate."

Yusra hakusogea. Hasira ilimpanda, na haikuwa mpya, ilikuwa ile ile ya siku alipoitwa akiwa na mpira mguuni. Aliona kwamba anaweza kusogea upande wa pili, kiganja kimoja tu, na timu nzima ya Bora Salama ibaki daraja la pili na vigae vyake na pilau yake. Aliona vilevile jinsi mpigaji alivyolaza bega, akajua mpira utakwenda wapi kabla mwenyewe hajajua. Na aliipenda timu ile. Aliipenda kuliko wote waliokuwa wakipiga kelele kule chini, na hilo ndilo lililomuuma kuliko hasira.

Akasogea. Nguzo ikatangulia, mpira ukaigonga ukarudi uwanjani, na Ayoub akaulalia. Kikwajuni ikalipuka. Walilitaja jina la Ayoub, wakaliimba, wakalipigia ngoma za mabati. Ayoub alinyanyuka na vumbi lake, akainua kidole juu, kuelekea dirishani, na watu wakasema kijana yule ana dini.

Wakati wa mapumziko Msabah alituma glasi ya juisi ya ukwaju na salamu za mwenyekiti. Yusra alikunywa nusu, nusu akampa mama yake. Refa akapuliza, timu zikabadilishana magoli, na sasa Bora Salama walikuwa wakishambulia kibla. Yusra akaugeuza mkeka, akakaa.